Nasaba ya Sauti: Nyimbo za Wakipsigis kutoka Santuri hadi Faili

Makala haya yanakusudia kuchunguza desturi moja ambayo, ijapokuwa ni ya kiufundi, inaigusa taaluma yetu moja kwa moja: kuzigeuza faili za sauti zilizobanwa, hasa MP3, ziwe katika mfumo wa zamani zaidi wa WAV, kisha kuzihifadhi kana kwamba ni rekodi asilia.

Mfano wetu unatoka katika nchi ya majani chai. Mwaka 1950, wakati Bomet ilipokuwa bado sehemu ya Wilaya ya Kericho, Hugh Tracey alirekodi nyimbo za Wakipsigis. Zilizopata umaarufu ni zile ziitwazo "Chemirocha". Jina hilo linatokana na Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Kimarekani aliyefariki mwaka 1933, ambaye sauti yake ilifika huko kwa santuri. Wakipsigis walilitamka jina hilo kwa kufuata matamshi ya lugha yao, wakamfanya mwenyewe kiumbe nusu mtu nusu paa. Huo nao ulikuwa ugeuzaji, lakini ugeuzaji uliozaa.

Mwaka 1954 Tracey aliunda maktaba ya kimataifa ya muziki wa Kiafrika, ambayo leo iko katika Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini. Katikati ya muongo wa 2010, maktaba hiyo ilishirikiana na Ketebul Music ya Nairobi kuzirudisha nakala za nyimbo hizo kwa Wakipsigis wenyewe. Tangu hapo swali si tena kama sauti imerudi, bali imerudi katika hali gani, na nakala za nakala zake zitakuwaje.

Mfumo wa WAV ulitolewa mwaka 1991 na kampuni za Microsoft na IBM. Kanuni za MP3 zilichapishwa mwaka 1993. Kwa kiwango cha diski za CD, sauti hupimwa mara 44,100 kila sekunde, hivi kwamba dakika moja ya stereo huhitaji takriban baiti milioni 10.6. MP3 ya kiwango cha kawaida cha biti 128,000 kwa sekunde huibana dakika hiyo hadi baiti 960,000. Hufanya hivyo kwa kuyaondoa yale ambayo sikio linadhaniwa halitayasikia. Tukiigeuza MP3 hiyo kuwa WAV, ukubwa wa faili hurudi, kilichoondolewa hakirudi. Anayeongeza maji katika chai huongeza ujazo, si majani.

Je, yapo madhara kwa mwanaisimu? Katika Kikipsigis toni huweza kutofautisha kiima na yambwa, na irabu hutofautiana kwa urefu na kwa mkao wa shina la ulimi. Toni na urefu kwa kawaida huhimili ubanaji. Lakini vipimo vya ubora wa sauti na vya vikwamizi vyaweza kupotoka, na mdonoo wa uzi wa ala huweza kutanguliwa na mvumo ambao mpigaji hakuupiga. Mtafiti atakayeiamini ile WAV ataihesabu kasoro ya mashine kuwa sifa ya lugha.

Hatusemi kwamba ugeuzaji ni kosa. Vifaa vya zamani vya CD havisomi MP3 vyote, na programu nyingi za uchambuzi hupendelea WAV; tena, kuihariri MP3 na kuibana upya mara kwa mara huidhoofisha zaidi. Kosa ni kuificha nasaba. Hakuna mhariri wa tenzi atakayeichukua nakala ya juzi akaiita mswada wa mtunzi kwa sababu tu imeandikwa kwa hati za Kiarabu. Vivyo hivyo, hapana budi kila faili iambatane na maelezo: ilitokana na santuri, utepe au MP3, ilibanwa kwa kiwango gani, iligeuzwa lini. Faili ya mwanzo nayo ihifadhiwe, hata ikiwa ni hiyo MP3.

Wasichana walioimba mwaka 1950 hawawezi kurudiwa. Kwa hiyo jukumu letu ni kumwambia msikilizaji wa kesho kwa uaminifu ni kiasi gani cha sauti yao anachokisikia.