Lishe na telomeri: chakula cha mwambao wa Ziwa Victoria na uzee wa seli

Telomeri ni ncha za kromosomu, yaani sehemu za mwisho za uzi wa DNA ambako herufi TTAGGG hurudiwa maelfu ya mara bila kubeba maagizo ya kutengeneza protini yoyote. Kazi yake ni ulinzi. Kila seli inapogawanyika, uzi wa DNA haunakiliwi mpaka mwisho kabisa, hivyo telomeri hupungua kidogo. Zikifupika kupita kiasi, seli huacha kugawanyika; nyingine hufa, nyingine hubaki hai zikiwa zimezeeka na kumwaga kemikali zinazochochea uvimbe ndani ya mwili. Leonard Hayflick alionyesha mwaka 1961 kwamba seli za binadamu zikikuzwa maabara zina ukomo wa kugawanyika. Elizabeth Blackburn, Carol Greider na Jack Szostak walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2009 kwa kueleza jinsi telomeri zinavyolinda kromosomu na jinsi kimeng'enya kiitwacho telomerasi kinavyozijenga upya.

Chakula kinaingia hapa kwa njia mbili. Herufi G, ambazo ni nyingi kwenye telomeri, huharibiwa kwa urahisi na kemikali kali za oksijeni zinazozaliwa mwilini, hasa penye sukari nyingi kwenye damu na uvimbe wa muda mrefu. Vilevile ukarabati wa DNA unahitaji malighafi, ikiwemo foleti ya mboga za majani na vitamini B12 ya samaki, nyama na maziwa.

Ili kuona hayo mezani, tuchukue kata ya Nyegezi, wilayani Nyamagana, iliyo kusini mwa jiji la Mwanza, kando kabisa ya Ziwa Victoria. Wengi huijua kwa stendi ya mabasi, lakini pia ina kampasi ya Wakala wa Elimu na Mafunzo ya Uvuvi, na jirani yake, Malimbe, pana Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino. Huku mboga ni samaki kwanza: sato wa kuchemsha, sangara, dagaa, mara nyingine kamongo. Ugali wake ni wa mahindi au wa muhogo. Pembeni huwekwa mchicha, matembele, kisamvu au mgagani, na kiangazi kikikolea hutolewa nsansa, yaani majani ya kunde yaliyokaushwa, pamoja na michembe na matobolwa ya viazi vitamu.

Ng'ambo ya Ghuba ya Mwanza, huko Sengerema, watafiti wa Chuo Kikuu cha Groningen cha Uholanzi walipima damu na maziwa ya akina mama wanaokula samaki mara nne hadi tano kwa juma, wakawalinganisha na Wapare wanaokula kiasi na Wamasai ambao karibu hawali kabisa. Kiwango cha DHA, mojawapo ya mafuta ya omega-3, kilipanda kadiri ulaji wa samaki ulivyoongezeka. Samaki wa maji baridi, ambaye vitabu vingi vya lishe humtaja kwa nadra vikimsifia wa baharini, alitosha kuwapa mama na mtoto akiba kubwa ya mafuta hayo. Utafiti wa Lugalawa, uliochapishwa mwaka 1996, ulikuwa umekwisha kuonyesha jambo linalokaribiana na hilo huko Ludewa: wanakijiji wa mwambao wa Ziwa Nyasa, waliokula gramu 300 hadi 600 za samaki kwa siku, walikuwa na shinikizo la damu na mafuta mabaya ya damu chini kuliko wenzao wa milimani waliokula mimea tu.

Je, akiba hiyo hulinda telomeri? Mwaka 2010 watafiti wa San Francisco walitoa matokeo ya wagonjwa 608 wa moyo waliofuatiliwa kwa miaka mitano: waliokuwa na omega-3 nyingi kwenye damu ndio ambao telomeri zao zilifupika polepole zaidi. Habari hiyo ilienea, na vidonge vya mafuta ya samaki vikauzika. Lakini kumfuatilia mtu si sawa na kumpa dawa ukaona matokeo. Jaribio kubwa la Marekani liitwalo VITAL, ambalo sehemu yake ya telomeri ilichapishwa mwaka 2025, liliwapa watu gramu moja ya omega-3 kila siku kwa miaka minne, na halikuona tofauti ya maana. Katika jaribio hilohilo, kilichopunguza ufupikaji kilikuwa vitamini D, ambayo nayo ilitolewa. Wamasai na Wahadza waliopimwa na kundi lilelile la Groningen, watu wanaoshinda juani, walikuwa na wastani wa nanomoli 115 za vitamini D kwa lita ya damu, na hawakuinunua dukani.

Kwa maoni ya mwandishi huyu, ushahidi hauruhusu mtu kusimama sokoni Kirumba Mwaloni na kutangaza kwamba sato huongeza miaka. Unachoruhusu ni kuutetea mlo mzima. Wauguzi 4,676 wa Marekani waliochunguzwa na kutolewa taarifa mwaka 2014 walikuwa na telomeri ndefu zaidi pale mlo wao ulipokaribia ule wa mwambao wa Mediterania, wenye samaki, jamii ya kunde, mboga, matunda na nyama kidogo. Hakuna chakula kimoja kati ya hivyo kilichoonyesha uhusiano kikiwa peke yake. Ukiondoa mafuta ya zeituni, sahani hiyo haiko mbali na dagaa, kunde na mgagani. Mwaka huohuo uchunguzi mwingine wa watu wazima zaidi ya 5,000 nchini humo ulihusisha soda zenye sukari na telomeri fupi. Soda na chipsi ndivyo vinavyojaza meza za vijana karibu na stendi.

Namna ya kuandaa nayo ina uzito. Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa, na alfajiri humwagwa mchangani au kwenye chanja. Jua likiwa kali hukauka siku hiyohiyo, wakabaki na rangi ya fedha. Wakinyeshewa hugeuka kahawia na kunuka mafuta yaliyochacha. Kuchacha huko ni oksijeni kula omega-3, ambayo huharibika upesi kuliko mafuta mengine, kwa hiyo mlaji wa dagaa wa kahawia hupata protini na madini lakini faida ya mafuta imepotea. Chanja iliyoinuliwa na kufunikwa mvua inaponyesha huokoa mafuta hayo. Kukaanga kwenye mafuta meusi yaliyotumika tangu jana huharibu vilevile.

Kuna suala la nani anapata samaki. Sangara aliletwa ziwani miaka ya 1950, na kufikia miaka ya 1990 viwanda vya Mwanza vilikuwa vikisafirisha minofu yake Ulaya. Kwa walio wengi ilibaki mifupa yenye kichwa na mkia, mapanki, ambayo hukaangwa na kuuzwa kwa bei ya chini. Mapanki yana madini na nyama kidogo ya kichwani, ila mnofu wenye mafuta umeshapanda ndege.

Usomaji wa vipimo vya telomeri kwa watu wa Kanda ya Ziwa unadai tahadhari nyingine. Waafrika wa kusini mwa Sahara huzaliwa na telomeri ndefu kuliko Wazungu, kwa sababu za kurithi. Kisha malaria hubadilisha hesabu: utafiti wa mwaka 2024 uliowahusisha watu 1,818 wa Tanzania, Ethiopia, Botswana na Kameruni ulikuta telomeri fupi zaidi kwenye maeneo yenye malaria nyingi, huenda kwa kuwa mwili hulazimika kutengeneza chembe za damu upya kila homa inapopita. Mtoto wa Nyegezi mwenye telomeri fupi anaweza kuwa amelishwa vizuri kabisa, ila ameugua malaria mara nyingi. Hata kukua kwenyewe hugharimu telomeri: watoto wa Bangladesh waliopewa maji salama, vyoo na lishe ya nyongeza telomeri zao zilifupika zaidi ndani ya mwaka wa kwanza kuliko za wenzao, na watafiti walifikiri kwamba sababu ni kasi ya ukuaji wao.