Ndovu Anajua Kabila Lako, Lakini Hana Ukabila

Hapa Kenya unaweza kusema "habari yako" tu, na kabla hujafunga mdomo mtu ashakuweka kwenye kaunti yenu, ashajua ulimpigia nani kura, na ashaamua kama atakupatia keja. Tumezoea. Kitu wengi hawajui ni kwamba kuna mwingine anayesikiliza lafudhi zetu, na ana masikio makubwa kuliko ya mwenye ploti: ndovu wa Amboseli. Hiyo si hadithi ya shosho, ni utafiti umefanywa. Lakini stori yenyewe inaanza na tumbili, kwa hivyo twende polepole.

Miaka ya 60, Mmarekani anaitwa Thomas Struhsaker alikuwa Amboseli akifuatilia tumbili. Siku hizo wanasayansi wengi waliamini mlio wa mnyama ni kama wewe kusema "uwi!" ukimwagikiwa na chai. Hisia imetoka, basi, haina maana ndani yake. Struhsaker akagundua tumbili wana mlio tofauti wa chui, mwingine wa tai, na mwingine wa nyoka. Akachapisha hayo 1967. Lakini mtu angeweza kubisha: pengine tumbili wanamwona tu huyo adui kwa macho yao, mlio hauwaambii kitu.

Mwisho wa miaka ya 70 wakaja Robert Seyfarth na Dorothy Cheney, nao wakabeba rekoda na spika. Walirekodi milio, wakaificha spika, wakangoja wakati hakuna adui karibu, halafu wakacheza sauti. Wakicheza mlio wa chui, tumbili mbio juu ya mti. Wakicheza wa tai, wanatazama juu au wanajitupa kichakani. Wakicheza wa nyoka, wanasimama kwa miguu ya nyuma na kuchungulia nyasi. Chui hakuweko. Tai hakuweko. Sauti peke yake ilitosha. Kazi hiyo waliichapisha 1980 pamoja na Peter Marler, na tangu hapo swali la kama mnyama anaweza kusema kitu chenye maana halijawahi kuwa lile lile.

Kuna kitu kingine waliona. Mtoto wa tumbili hukosea sana. Anaweza kupiga mlio wa tai kwa sababu ya ndege asiye na madhara, hata kwa jani linaloanguka. Anazaliwa na woga tayari, lakini kujua nani hasa wa kuogopwa anajifunza akikua. Shika hapo, tutarudi.

Ndovu walichelewa kueleweka kwa sababu rahisi: mazungumzo yao mengi hatuyasikii. Mwaka wa 1984 Katy Payne, mama aliyekuwa amechunguza nyimbo za nyangumi, alienda kukaa karibu na ndovu waliofugwa kwenye bustani ya wanyama mjini Portland, Marekani. Akahisi hewa inatetema, kama umesimama karibu na besi ya matatu, ila kulikuwa kimya. Sikio la binadamu linaanza kusikia kwenye mitetemo kama 20 kwa sekunde. Ndovu anaongea hadi chini ya hapo. Payne na wenzake walirekodi, wakaharakisha kanda, na sauti zikatokea. Haikuchukua muda akawa Amboseli na Joyce Poole, kwa sababu huko Cynthia Moss alikuwa anafuatilia familia za ndovu tangu 1972, mmoja mmoja, kwa majina. Ikabainika kwamba ndovu wanaweza kuwasiliana wakiwa kilomita kadhaa mbali.

Baadaye Karen McComb na wenzake wakarudi na ile mbinu ya spika. Mwaka wa 2001 walionyesha kwamba familia inayoongozwa na jike mzee, huyo shosho wao, inatofautisha vizuri zaidi sauti ya ndovu wanayemfahamu na ya mgeni. Mwaka wa 2011 wakaonyesha shosho hao pia ndio wanaotambua vizuri zaidi ngurumo ya simba dume, ambaye ndiye hatari zaidi kwa ndovu kuliko jike.

Halafu 2014 wakafika kwetu, binadamu. Walirekodi wanaume Wamaasai na wanaume Wakamba, kila mmoja kwa lugha yake, wakisema maneno ya kawaida tu kwamba kundi la ndovu linakuja. Wakachezea familia 47. Wakisikia mwanamume Mmaasai, ndovu walijikusanya pamoja, wakanusa hewa, wakaondoka. Wakisikia Mkamba, walishtuka kidogo sana. Sababu inajulikana: Wamaasai wanachunga pale, wanagombania maji na nyasi na ndovu, na mara nyingine vijana huwachoma ndovu kwa mkuki. Wakamba wa pale wengi ni wakulima na hawakutani nao hivyo.

Ukiishia hapo utasema, aha, hata ndovu ni mkabila. Subiri. Watafiti walicheza pia sauti za wanawake Wamaasai na za wavulana wadogo Wamaasai. Lugha ni ile ile. Ndovu hawakuogopa vile. Wanajua mama huyo hajawahi kuwachoma, na huyo kijana mdogo bado. Yaani mnyama asiye na shule ametenganisha kabila, jinsia na umri kwa sauti pekee, akaogopa tu pale ambapo kuna sababu. Mimi niliacha chuo, lakini hapa sihitaji digrii kuona kwamba ndovu anatushinda. Sisi tukisikia lafudhi, tunamweka mama, mtoto na mzee kwenye gunia moja.

Sasa swali ni ndovu anajifunzia wapi. Jibu zuri zaidi linatoka Afrika Kusini. Kuna ndovu wa Pilanesberg walioletwa huko wakiwa yatima, baada ya wakubwa wao kuuawa Kruger katika mpango wa kupunguza idadi. Miaka mingi baadaye watafiti waliwachezea sauti, wakawalinganisha na wale wa Amboseli. Wa Amboseli walijua nani wa kuhofia na nani wa kupuuza. Wa Pilanesberg waliitikia ovyo tu, anayejulikana na mgeni ilikuwa sawa. Matokeo yalichapishwa 2013. Woga walikuwa nao. Kile walichopoteza ni shosho wa kuwaonyesha.

Ndiyo maana jangili akimuua ndovu mzee kwa sababu ya pembe, haondoi mnyama mmoja. Anaacha familia nzima na woga wa yule mtoto wa tumbili, anayepigia jani mlio wa tai.

Na sisi je? Wengi wetu wa umri wangu tulirithi woga wa makabila mengine bila maelezo yoyote. Tuliambiwa "hao watu" wako hivi, tukaambiwa na watu ambao pia waliambiwa. Hakuna aliyekaa nasi akasema ni nani hasa alifanya nini, lini, wapi, na ni nani kati ya hao hao alimficha jirani ndani ya nyumba yake. Stori zenye majina ziko, wazee wetu wanazo, na wao pia wanaenda mmoja mmoja.

Kwa hivyo wiki hii, kabla hujaamua kitu kwa sababu ya lafudhi ya mtu, muulize shosho wako alijuaje. Kama ana jibu, msikilize hadi mwisho. Kama hana, basi hilo ni jani.