Jino Linapolazwa: Watoto, Piaget na Kiti cha Daktari wa Meno

Wengi wetu katika klabu hii tulikuwa wakalimani wa familia kabla hatujalijua neno mkalimani. Mwenzetu mmoja, akiwa na miaka 12, alimsindikiza mama yake na mdogo wake wa miaka 4 kwa daktari wa meno. Daktari akasema kwa Kiingereza kwamba atalilaza jino. Dada akatafsiri vivyo hivyo: "Jino lako litalazwa." Mtoto akapiga kelele, akashuka kitini. Miezi michache kabla, bibi yao alikuwa amelazwa hospitali Mombasa, na hakurudi nyumbani.

Kisa hicho ndicho kilichotufanya tuisome historia hii.

Mwanzoni mwa karne ya 20 walikuwepo madaktari wa meno waliojali watoto. Evangeline Jordon wa Los Angeles aliamua mwaka 1909 kutibu watoto tu, na mwaka 1914 hospitali ya meno ya watoto ya Forsyth ilifunguliwa Boston. Lakini kujali ni jambo moja, na kujua mtoto anawaza vipi ni jambo jingine. Mtoto aliyelia alihesabiwa mkaidi au amedekezwa.

Karibu na mwaka 1920, Jean Piaget, kijana kutoka Uswisi, alikuwa Paris akiwapa watoto wa shule majaribio ya akili. Kazi yake ilikuwa kuhesabu majibu sahihi. Yeye akavutiwa na yale yenye makosa, kwa sababu watoto wa umri mmoja walikosea kwa namna moja. Baadaye aliwachunguza watoto wake mwenyewe watatu, na polepole akaeleza hatua nne za ukuaji wa akili.

Hatua ya pili, ya miaka 2 hadi 7 hivi, ndiyo yenye vituko vingi kwenye kiti cha daktari. Kwa mtoto wa umri huu, kinachosogea chaweza kuwa hai, kwa hiyo mashine inayonguruma imekasirika. Ukimwambia "nusu saa tu" hujamwambia kitu. Neno hulishika kwa maana aliyowahi kukutana nayo, kama yule wa jino la kulazwa. Mtoto wa chini ya miaka 2 haelezwi. Hupakatwa na mama na kuguswa taratibu. Wa miaka 7 hadi 11 hufuata mpangilio wa kazi, na mara nyingi hutaka kioo ajionee. Kuanzia 12, kijana anaweza kuvumilia nyaya za meno miaka miwili kwa ajili ya tabasamu ambalo bado halipo.

Mwaka 1959 Mmarekani Harold Addelston aliandika kuhusu njia ya kusema, kuonyesha, kisha kufanya: mweleze mtoto kwa maneno yake, mwonyeshe kifaa kwenye kidole chake, ndipo uingie kinywani. Hatudai kwamba aliitoa kwa Piaget, ila zinaoana vizuri. Hata hivyo mambo hayakubadilika kwa siku moja. Kumziba mtoto mdomo kwa mkono ili anyamaze kuliendelea kukubalika Marekani kwa miaka mingi. Chama cha madaktari wa meno wa watoto kilikuondoa katika miongozo yake mwaka 2006, wakati baadhi yetu tulikuwa tumeshazaliwa.

Piaget naye alikosolewa. Mwaka 1978 Margaret Donaldson wa Edinburgh alionyesha kwamba mara nyingi mtoto hushindwa kwa sababu swali la mtu mzima halina maana katika maisha yake. Sisi tunamwelewa sana. Yule mdogo hakukosa akili. Alikumbuka vizuri kabisa.

Basi tulikaa tukatafuta neno la kumwambia mtoto. Mmoja akapendekeza "jino litakufa ganzi." Tukacheka: tumemtoa kwenye kulazwa, tunampeleka kwenye kufa! Tumekubaliana na "kutiwa ganzi," na mtoto aguse shavu lake kwanza, kisha aguse tena baada ya sindano, aone lilivyo zito. Sindano yenyewe tutamwambia itauma kidogo, kwa sababu inauma.