Mwezi wa Saa na Mwezi wa Nakuru

Msomaji mpenzi, kabla saa hazijafika katika nchi yetu, mwezi ndio uliokuwa saa ya wazee wetu. Lugha zetu zalishuhudia jambo hili. Katika Kiswahili neno mwezi ni jina la ile nuru ya usiku, na tena ni jina la zile siku zake zihesabiwazo. Wakikuyu husema mweri, Wakalenjin arawet, na Wamasai olapa. Na kila neno lina maana hizo mbili.

Mafundi wa Ulaya nao walitamani kuutia mwezi mfukoni. Katika miaka ya 1760 Mwingereza Thomas Mudge alitengeneza saa ya mfukoni yenye kalenda ijiongozayo. Kalenda hiyo hujua mwezi wa siku 30 na wa siku 31, hata Februari ya mwaka mrefu wenye siku 366. Mwaka 1925 kiwanda cha Patek Philippe cha Geneva kiliitia kalenda ya namna hiyo katika saa ya mkono. Saa hizi ni ghali mno, na nyingi zina kidirisha kinachoonyesha umri wa mwezi.

Tuutazame ufundi wake. Mwezi hukamilisha mzunguko wa sura zake kwa siku 29, saa 12 na dakika 44. Basi nyuma ya kidirisha hutiwa kisahani kilichochorwa miezi miwili, chenye meno 59, nacho husukumwa jino moja kila siku. Nusu ya 59 ni 29 na nusu. Zile dakika 44 zimeachwa. Kwa hiyo, katika muda upatao miaka 2 na miezi 8, saa huwa imekosea siku nzima.

Walakini iko tofauti nyingine, nayo hufichuliwa na kamera. Tuseme umeazimwa saa kama hiyo jioni ya mwezi mchanga, nawe umesimama juu ya Menengai. Iinamishe saa kidogo, ili kioo chake kisirudishe mwanga wala sura yako. Ithibitishe kamera juu ya miguu mitatu, upige picha. Kisha geukia magharibi, upande wa milima ya Mau, uupige picha mwezi wenyewe. Sasa zilinganishe. Katika saa mwezi umesimama wima, nuru yake iko upande wa kuume. Angani umelala chali kama mtumbwi, pengine umeinama kidogo tu.

Je, ipi ni ya kweli? Zote mbili. Upande wa mwezi wenye nuru daima huelekea jua. Huko Ulaya jua huzama kwa mshazari, na mwezi mchanga huonekana umesimama. Nakuru i karibu na ikweta, ambako jua hushuka moja kwa moja, na mwezi hulielekea huko chini. Fundi wa Geneva alichora anga aliloliona yeye. Hakusema uongo, ila hakusimama Menengai.

Ndivyo ilivyo historia, msomaji. Kila chombo na kila kitabu huchukua ndani yake anga la mahali kilipofanyizwa. Usikidharau, wala usikiamini kuliko macho yako. Hata kalenda hiyo iitwayo ya daima itahitaji mkono wa mtu mwaka 2100, ambao hautakuwa mwaka mrefu. Basi mwezi ukiandama tena, toka nje utazame.