Usiku Wangu na Mashine

Saa 3 za usiku, majirani zetu hapa Toronto wanapozima taa, mimi na mke wangu ndipo tunaanza kazi. Yeye hukagua mashine iliyo kando ya kitanda. Mimi hunawa, kisha hujidunga sindano mbili mkononi: kwa moja damu hutoka kwenda kwenye kichujio, kwa ya pili hurudi ikiwa safi. Hulala nimefungwa kwa mipira saa 8, mara 5 kwa juma, kwa kuwa figo zangu zimekufa.

Usingizi ukikawia, huwawaza waliotangulia. Mwaka 1943, Uholanzi ikiwa chini ya Wajerumani, daktari Willem Kolff aliunda figo bandia kwa utando wa soseji uliozungushwa kwenye pipa. Wagonjwa wake wa mwanzo karibu wote walikufa. Mwaka 1945 bibi mmoja akapona.

Mwaka 1960, mjini Seattle, Belding Scribner alibuni mpira wa kubaki mkononi, hata mgonjwa akaweza kuunganishwa na mashine tena na tena. Hapo likazuka jambo zito. Vitanda vilikuwa vichache na wagonjwa wengi, basi ikaundwa kamati ya raia kuchagua nani atibiwe na nani aachwe.

Msichana mmoja wa sekondari alikataliwa. Mhandisi Albert Babb na wenzake wakamtengenezea mashine ndogo, na mwaka 1964 akaanza kutibiwa nyumbani kwao. Siku hizohizo, huko London, Stanley Shaldon alikuwa akiwafunza wagonjwa kujitibu usiku majumbani. Mwaka 1994 Robert Uldall na Andreas Pierratos wakaanzisha hapa Toronto tiba hii ndefu ya usiku ninayoitumia.

Nilipotibiwa kituoni, saa 4 mara 3 kwa juma, nilirudi nyumbani kama gunia tupu, na maji ya kunywa nilipimiwa kwa kikombe. Usafishaji wa polepole umenirudishia mchana wangu. Lakini haukuja bure. Usiku mmoja king'ora kililia: sindano ilichomoka, shuka likalowa damu. Mke wangu alizima mashine kabla sijafumbua macho vizuri. Tangu hapo yeye halali kama zamani, nami sina la kumlipa.

Kwetu Tanga, binamu yangu naye figo zilimfa. Alisafishwa damu mara moja kwa juma, kadiri ya michango ya ukoo, na mwaka haukuisha tukamzika. Sheria ya Marekani ya mwaka 1972 ya kulipia tiba hii iliondoa haja ya kamati kama ile ya Seattle. Binamu yangu hakukataliwa na kamati yoyote. Alichaguliwa na bei.

"Baba Asha, hulali?" mke wangu huuliza gizani.

"Nalala," humjibu, na mashine huendelea kuzunguka hadi alfajiri.