Chanjo ya Puani ni ya Zamani Kuliko Sindano



Mnakumbuka mwaka 2020? Mwezi wa 6 Rusizi yetu ilifungwa, hakuna kutoka hakuna kuingia, na watu wakaanza kupimwa Corona kwa kile kijiti cha pamba puani. Maneno yalizunguka mingi: eti kijiti kinagusa ubongo, eti kinaacha ugonjwa ndani. Hapana. Kijiti kilitoa kamasi ya kupima, basi. Lakini swali la wale mama waliouliza kama mtu anaweza kuchanjwa kupitia pua halikuwa la kijinga. Anaweza, na ilifanyika kabla sindano haijakuwepo.

Kule China, katika karne ya 16, waganga waliandika jinsi ya kukinga watoto na ndui. Walichukua magamba makavu ya vidonda vya mtu aliyeugua ndui nyepesi, wakayaweka siku nyingi ili makali yapungue, wakayasaga unga, kisha wakaupuliza puani kwa kibomba chembamba. Mvulana tundu la kulia, msichana la kushoto (mimi hapo sioni sababu yoyote ya kitabibu). Mtoto aliugua kidogo, na akipona ndui haimrudii. Wengine walikufa, ndiyo, ila wachache, wakati ndui yenyewe iliua karibu watu 3 kwa kila 10. Mfalme Kangxi, ambaye ndui ilimpata utotoni, aliwachanja watoto wake hivyo.

Mwaka 1721 daktari Richard Mead wa London akataka kuijaribu njia hiyo. Alimjaribu nani? Binti wa miaka 18, mfungwa aliyehukumiwa kufa. Walimtia puani pamba yenye usaha wa ndui. Alipata homa na kichwa kilimuuma vikali kuliko wafungwa wenzake waliochanjwa mkononi. Alipona, lakini Waingereza wakabaki na mkono. Wafungwa wale wa gereza la Newgate walikuwa wameahidiwa kusamehewa kifo. Sasa mtu wa namna hiyo angekataa vipi? Ninyi mnaofanya kazi na mashirika, naomba msipite haraka hapo. Mtu anayesubiri chakula au karatasi kwako, ndiyo yake si ndiyo kamili.

Njia ya mkono hata Waafrika waliijua: Onesimus, mtumwa kule Boston, ndiye aliyemweleza bwana wake kwamba kwao watu hukingwa hivyo.

Halafu kuna Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali ya Merca, Somalia. Oktoba 1977 akawa mtu wa mwisho duniani kupata ndui kwa njia ya kawaida. Alikuwa amekwepa chanjo kwa kuogopa maumivu. Yaani mtu anafanya kazi hospitalini! Baadaye alizunguka akihimiza wazazi wakubali matone ya polio, akiwapa mfano wake mwenyewe. Alifariki 2013 kwa malaria, akiwa bado katika kazi hiyo.

Pua nayo imerudi. Marekani ilikubali chanjo ya mafua ya kupuliza puani mwaka 2003, India ikakubali ya Corona ya matone puani mwaka 2022. Virusi hivyo vinaingilia puani, basi askari wanawekwa pale pale mlangoni. Hata dawa ya kuzuia degedege iko ya kupuliza puani. Shida ni kwamba kamasi inaweza kusukuma dawa nje kabla haijafanya kazi, na chanjo ya kupuliza nayo inataka friji kama ile ya sindano. Tena hii haina maana tuwamwagie watoto mafuta puani wakibanwa na mafua. Yakishuka mapafuni yanaleta nimonia.

Kwa sasa kwetu bado ni mkono. Chanjo ya mpox, ugonjwa ulio ndugu wa ndui, ilianza kutolewa Rwanda Septemba 2024, na ni ya sindano.