Nguruwe ya pori: shamba, mtego na nyama ya wote

Leo mtu akisikia neno uwindaji, mara moja anafikiri bunduki na soko ya nyama. Kwa wazee wetu wa pori ya Ituri na Maniema haikuwa vile. Kuwinda nguruwe ya pori, ile wengi wetu tunaita ngulube, ilikuwa kwanza kulinda chakula, kiisha kugawa chakula. Tunaandika juu ya mambo hayo mawili kwani la pili linaanza kusahauliwa.

Pori yetu inajua nguruwe wa namna mbili. Kuna yule mwekundu, mwenye mstari mweupe mgongoni na manyoya marefu kwenye ncha za masikio. Kuna pia yule mkubwa mweusi. Wataalamu wa Ulaya walimwandika mara ya kwanza mwaka 1904, lakini wawindaji walikuwa wanamjua zamani sana.

Nguruwe inatembea kwa kundi, mara nyingi usiku. Inapenda mihogo, ngazi na matunda yanayoanguka chini ya miti. Usiku mmoja tu kundi linaweza kuharibu kazi ya miezi. Basi shamba lenyewe lilikuwa chambo. Watu walizungusha uzio wa miti, wakaacha nafasi moja wazi, na pale wakachimba shimo na kulifunika kwa fito na majani. Wengine walingoja na mikuki penye matunda, kwani walijua mnyama atarudi palepale.

Bambuti wa nyavu walikuwa na njia yao. Wavu ulisukwa kwa nyuzi za kamba ya pori inayoitwa nkusa. Wanaume walisimama nyuma ya nyavu, wanawake na watoto wakapiga kelele kusukuma wanyama. Wavu unafaa zaidi kwa mboloko na wenzake. Nguruwe ina nguvu, inaweza kuupasua na kuumiza mtu kwa meno. Ndiyo maana mkuki ulikuwa tayari, pamoja na mbwa wenye kengele ya mti shingoni, kwani mbwa hao hawabweki sana. Efe, wao, walitumia zaidi upinde.

Na nyama? Mwenye wavu alikuwa mwenye mnyama, lakini hakula peke yake. Waliosaidia walipata sehemu yao, na nyingine ilienda kwa wanakijiji, nao wakatoa ndizi, mihogo na vyuma. Mnyama mmoja alifunga urafiki wa familia nyingi.

Nini ilivunja desturi hiyo? Tangu 1917 serikali ya Wabeleji ililazimisha watu kulima mazao kama pamba na mchele, kiisha vijiji vingi vikahamishwa kando ya barabara. Siku za kuwinda pamoja zikapungua. Vita vya 1996-1997 na 1998-2003 vilileta silaha nyingi, na nyama ikawa biashara. Leo wengi wanatega waya. Waya haichagui: inashika mimba na mtoto, na mwenye mtego akichelewa, nyama inaoza bure.

Sheria ya uwindaji ya 1982, ile ya 2014 juu ya kulinda viumbe vya asili, na Hifadhi ya Okapi iliyoundwa 1992, zote zina maana yao. Lakini mkulima ambaye mihogo yake imeliwa anauliza: na mimi nitakula nini? Swali lake ni la haki, na sheria peke yake haimjibu.

Kuna jambo lingine la kujua. Nguruwe ya pori inaweza kubeba homa ya nguruwe ya Afrika bila kuonyesha ugonjwa, lakini nguruwe ya nyumbani inakufa. Tusitupe matumbo ya mnyama wa pori kwenye zizi.

Wazee walikuwa na uzio, zamu ya kulinda na kanuni ya kugawa. Uzio na zamu tunaweza kurudisha hata leo, bila waya. Kanuni ya kugawa tuwaulize wazee ingali mapema, tuiandike, tuifundishe watoto. Anayekula peke yake, siku shamba lake litakapoliwa, atalinda peke yake.